Upogo wa Randa ya Baba

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Nakuomba barua hii uisome ukiwa umekaa, maana nakujua, ukiwa umesimama utaisoma huku unakoroga chungu na kumgombeza mtu. Habari za magoti? Mjukuu wako aliyepita hapa alisema siku hizi unatembea kwa kushika ukuta, ila ukianza kugombana unauachia. Nikafurahi, nikajua bado ni wewe. Huku kwetu miili haijambo. Paa lilivuja upande wa jikoni, nikalipanda mwenyewe nikaliziba, pamoja na kelele zote zilizopigwa pale chini kwamba nishuke. Binti yangu angekusalimu, lakini hajui kama nakuandikia.

Barua zangu zote za nyuma ni yeye aliyekuwa akiziandika, mimi nasema yeye anaweka nukta, ndiyo maana zilikuwa na sura. Hii naiandika mwenyewe kwa penseli ya kazi, niliyoichonga kwa patasi. Ukiona mstari unapanda kilima, uufuate tu, mbele utateremka. Simu nisingeweza. Nyumba hii kuta zake ni za mbao, nilizipiga mimi, na sikio lako linataka mtu apige kelele mpaka majirani wachangie mazungumzo.

Ulimtuma yule mjukuu aniulize kama ni kweli nimehamishwa benchi. Sikumjibu, nikampa embe akaenda zake. Nakujibu wewe. Hakuna aliyenihamisha. Mtu wa kunihamisha mimi katika karakana niliyoijenga kwa mikono yangu hajazaliwa. Lakini kwamba niko kwenye benchi jingine, hilo ni kweli, na nitakueleza nilivyofika huko pole pole, maana nikianzia mwisho utasema mdogo wangu kazeeka.

Tangu nimkabidhi binti yangu funguo, karakana imejaa mashine. Ipo moja ya kupiga randa inayolia kama ndama aliyefungwa mbali na mama yake. Binti yangu mafundi vijana wanamwita Bosi, nami nikitaka kumchokoza namwita hivyo hivyo. Mashine zake sizikatai, zinasafisha uso wa ubao vizuri. Lakini ubavu wa ubao, pale mbao mbili zinapokutana ziwe uso mmoja wa meza, hapo hakugusa mtu isipokuwa mimi. Mshono wangu mwanga haukuwahi kupata njia. Mteja mmoja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniuliza huu ubao mpana hivi niliupata wapi. Nikamwambia ni mbao nne hizo, bwana mkubwa. Akapiga magoti kuutafuta mshono, na hakuuona.

Kazi hiyo nilikuwa naifanya kwa randa ndefu ya baba, ile aliyoichonga mwenyewe kwenye gogo gumu, akaniachia mimi na si kaka zetu wenye mikono mizima. Mkono wangu wa kulia wewe unaujua kuliko mtu yeyote. Nilipoanguka kutoka darini ni wewe uliyenibeba mgongoni, na mfupa ulipoungwa kombo, kifundo kikabaki kimeegemea nje mpaka leo. Waliosema sitakuwa seremala wote nimewazika, na meza walizolia chakula nilizitengeneza mimi. Vijana wa karakana nilikuwa nawawekea mkono huu mbele ya macho, nawaambia tazameni ulivyopinda, halafu tazameni kazi ilivyonyooka, haya, ninyi mna kisingizio gani?

Na karakana hii ina sheria, niliyoiweka mimi. Fundi ambaye mshono wake umefunguka anahama benchi refu. Anakwenda kwenye benchi la mlangoni kupiga msasa, anakula vumbi pamoja na wanaojifunza. Hakuna kujitetea. Hakuna kusema gundi ilikuwa ya zamani au mbao zilikuwa mbichi. Binti yangu mwenyewe nilimpeleka mlangoni alipokuwa msichana, akapiga msasa huku machozi yanageuza vumbi kuwa tope, na nyumbani akawa hanisemeshi, mama yake ndiye mkalimani. Sikujali. Leo ndiye fundi anayetafutwa na watu wa mbali, na alifundishwa na nani?

Sasa ndipo tukapata kazi ya meza ndefu za chumba cha kusomea. Kabla ya kuanza, Bosi akakagua zana zote za karakana kwa skwea, ile ya chuma ya kupimia kona. Alipofika kwangu akaiegemeza kwenye ubavu wa randa ya baba na kwenye uso wake wa chini, akaiinua dirishani, na mwanga ukapita. Akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba randa imekwenda upogo, upande mmoja wa chini umeliwa kuliko mwingine. Vijana wakasogea kuona. Mmoja wao, anayeitwa Kengele kwa sababu mdomo wake hautulii, akasema imelika kama kisigino cha kiatu cha mzee mwenyewe. Wakacheka, nami nikacheka kidogo ili wasinione.

Bosi akawakaripia, wakarudi kazini. Kisha akanirudishia randa, akasema, iache hivyo hivyo baba, maadamu inakutii.

Neno hilo ndilo lililoniuma. Kicheko cha Kengele kingepita, lakini kuambiwa iache hivyo hivyo, kama unavyomwachia mgonjwa shuka lake la zamani, hapana. Nikamwambia nitainyoosha randa hii mpaka ile mashine yake ije kuomba kazi ya kufagia.

Niliinyoosha, dada, na sitakudanganya, niliinyoosha kuliko mtu yeyote aliye hai. Nilitandika kioo kinene juu ya benchi, lakini kwanza nikalipima benchi lenyewe kwa rula kila upande, maana kioo nacho hupinda kikilala juu ya benchi lililobonyea, jambo ambalo vijana hawalijui. Nikagandisha msasa juu ya kioo. Kisu nikakirudisha ndani lakini kabari nikaiacha imekaza, kwa sababu randa iliyobanwa kabari haikai sawa na randa tupu. Pembeni nikasimamisha kipande cha mbao kilichonyooka ili randa iegemee hapo isilale. Kisha nikachora uso wake wa chini kwa penseli, mistari ya kukatana, nikaanza kusugua. Pale msasa unapogusa mistari inafutika, pale usipogusa inabaki.

Upande mmoja ulifutika mara moja. Upande wa pili mistari ilibaki mipya kabisa. Nikageuza randa nikatazama. Nimeshika zana maisha yangu yote, najua kulika kulivyo. Randa huliwa puani na kuzunguka mdomo pale kisu kinapotokea, na huliwa ovyo, mabonde na vilima. Huu upogo wa randa ya baba ulikuwa umeshuka sawasawa kutoka puani mpaka mkiani, umenyooka kama uliopigwa rula, na karibu na mdomo kulikuwa na mikwaruzo midogo, safi, ya kikwangulio. Niliona yote hayo. Nikasema moyoni mzee naye siku hiyo alikuwa amechoka, nikaendelea kusugua.

Nilisugua mpaka begani kukawaka moto. Mbao iliyotoka pale chini ilikuwa nyingi, na kwa kuwa tundu la kisu hupanuka kadiri linavyopanda, mdomo wa randa ukabaki wazi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ubao ungechanika. Basi nikachimba kwa patasi mbele ya mdomo, nikapachika kiraka cha mti mgumu, nikakitia tupa taratibu mpaka nafasi iliyobaki ikawa ya unywele. Kiraka hicho hata leo ukipitisha kidole hutahisi kinaanzia wapi. Nikawaita wote waje na skwea yao. Mwanga haukupita popote. Wakapiga makofi, na Kengele akavua kofia. Siku hiyo nilikwenda nyumbani natembea katikati ya barabara, magari yanipishe.

Siku iliyofuata nikapiga ubavu wa mbao mbili za kwanza, nikazisimamisha moja juu ya nyingine. Ya juu ikalala upande.

Nikadhani ni kisu, nikakinoa. Ikalala tena, upande ule ule. Nikasema mbao zina maji. Nikasema dirisha jipya linatoa mwanga wa uongo. Nikamfokea Kengele kwamba anapita kwa kishindo anatikisa sakafu, maskini siku hiyo alikuwa hata hajapita. Nikapiga na kupiga, mbao pana zikawa nyembamba, na maranda yakanifika vifundoni, na ubavu bado unainama nje kama unaniepuka. Mwishowe nikazipaka gundi hivyo hivyo, nikazilazimisha kwa vibano mpaka zikafumba. Kibano kinaweza kuufumba mshono wowote. Kuushikilia ni habari nyingine.

Meza ile ilirudi. Waliibeba watu wawili wakaipitisha mlangoni mchana kweupe, mafundi wote wapo, na mshono wa katikati ulikuwa umeachana kiasi cha kuingiza ukucha. Walitazama meza, wakanitazama mimi, na macho yao yakaenda kwenye benchi la mlangoni, kisha kila mmoja akapata la kufanya. Bosi akapitisha kidole kwenye ufa, akasema ile gundi ilikuwa ya zamani.

Maneno yale yale niliyoyapiga marufuku. Yeye ndiye aliyeyatamka, na kwa ajili yangu. Nami nikayapokea, dada. Nikasema ndiyo, gundi, nikarudi benchi langu refu nikasimama pale kama nguzo.

Baada ya hapo mambo yakawa mazuri. Nikawa napiga mbavu za mbao jioni, naziegemeza ukutani, asubuhi nikizijaribu zinakutana kama viganja vya mtu anayeomba. Nikajisifu, kwa nini nisijisifu? Nikawaambia vijana kwamba mkono na randa vilikuwa vimekosana kidogo na sasa vimepatana. Nikawaambia wateja. Hata wewe nilikutumia salamu kwamba mdogo wako ametengeneza upya randa ya baba na sasa ni bora kuliko alivyoiacha. Salamu hizo nakuomba uzitoe masikioni.

Asubuhi moja kitanda kilinikataa nikatoka mapema. Nilipokaribia karakana nikasikia sauti ya randa, ile sauti ndefu, laini, ambayo fundi mzuri akiisikia husimama. Nikasogea dirishani. Binti yangu alikuwa peke yake, mbao zangu za jana zimebanwa kwenye benchi lake, anazipiga ubavu upya. Alipomaliza aliziegemeza ukutani kwa mpangilio ule ule niliouacha. Akafagia maranda yake yote akayatia guniani. Kisha akaenda benchi langu, akaichukua randa ya baba iliyokuwa imesogea, akailaza kwa ubavu, kisu kimetazama ukuta, kama ninavyoilaza mimi.

Nikarudi nyuma. Nikazunguka mitaa mpaka saa yangu ya kawaida, nikaingia nakohoa ili anisikie. Akanisalimu, akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia nimelala kama gogo. Nikachukua zile mbao, nikazijaribu mbele ya vijana, nikasema mnaona?

Jioni yake nikaifunga randa kwenye kitambaa nikaipeleka kwa Mzee Meno. Unamkumbuka, yule mnoa misumeno aliyekuwa kijana wa mwisho kufanya kazi na baba. Meno ya watu anayanoa, yake yamebaki ya kukaribishia wageni tu. Nilitaka aniambie kosa liko wapi. Hakuomba skwea wala rula. Aliipakata, akapitisha kidole gumba kwenye uso wa chini kutoka puani mpaka mkiani, akaigeuza akapitisha tena, akauliza nani kafanya hivi. Nikasema mimi, na nakwambia kweli, bado nilisema kwa majivuno.

Akaiweka chini. Akasema, "Umeusugua mkono wa baba yako ukaumaliza."

Halafu akanieleza, na wewe sasa nisomee pole pole. Alisema baba alipoanza kunifundisha, kifundo changu kililaza randa nje kila mara. Alinikaripia, akanifunga kitambaa, akanifunga kijiti, wapi. Siku moja akaacha kukaripia. Akasimama nyuma yangu, akatazama mkono unavyolala, muda mrefu, kisha akaichukua randa ndefu akaukwangua uso wake wa chini upogo, kiasi kile kile ninacholala mimi, kwa upande wa pili. Ili nikiishika kombo, pale chini ikae sawa juu ya mbao. Nilipokuwa nakua na mkono ukibadilika, alikuwa akiichukua tena. Lete randa niitie mafuta, alikuwa akisema. Nakumbuka, dada. Niliona wivu kwa mafuta yale, kwamba randa za kaka zetu hazipati, yangu inapata.

Mzee Meno alimuuliza kwa nini asiniambie. Baba akajibu, "Akijua, ataitazama randa. Asipojua, ataitazama mbao."

Na aliniambia kwamba baba alipokuwa akikwangua, alikuwepo msichana aliyemshikia randa upande wa pili isicheze. Msichana huyo alikuwa mmoja tu nyumbani kwetu.

Kwa hiyo ulijua. Miaka yote nikija kwako naweka mkono wangu mezani, nawasimulia wakwe zako jinsi nilivyoushinda mfupa kwa ukaidi wangu tu, bila msaada wa mtu, wewe unanyanyuka kwenda kutazama chungu. Mimi nikidhani unachoshwa na hadithi. Nilijaribu kukukasirikia. Nilianza asubuhi nikiwa na hasira nzuri kabisa, kufika mchana imeniishia, nikabaki na chai iliyopoa.

Nimejaribu kuurudisha ule upogo. Haurudi. Mbao imekwisha, pale karibu na kiraka imebaki nyembamba hivi kwamba kikwangulio kikigusa mara nyingine kitatokea upande wa pili. Na kipimo chenyewe kilikuwa machoni mwa baba, hakukiandika popote, kwa kuwa mimi na yeye kuandika kwetu ni huku unakokuona.

Basi siku moja vijana walipokwenda kunywa chai nikabeba patasi zangu, nyundo yangu na kile kigoda, nikahamia mlangoni. Waliporudi walinikuta napiga msasa. Kengele akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufunga. Bosi akaja akainama karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini nani kanituma. Nikamwambia mshono ulifunguka, sheria haina baba.

Akakaa palepale kwenye vumbi. Akaniambia, "Baba, kila ubao wako unakosea sawasawa. Kosa halizidi, halipungui. Nimelipima. Nikuchongee randa nyingine inayolala kama mkono wako."

Hakuna mtu aliyemwambia habari za babu yake, dada. Aliziona kwenye mbao tu. Wala hajui kama nilimwona dirishani. Ungekuwepo ungesema mkubalie, na Mzee Meno alisema hivyo hivyo, na pengine kila mwenye akili angesema hivyo. Nilimwambia akafanye kazi yake aniache nipige msasa. Akanyanyuka, akajikung'uta gauni, akaenda.

Si kwamba randa yake ingekuwa mbaya. Ingekuwa nzuri kuliko ya baba, ana jicho kali kuliko sisi wote. Shida ni kwamba sasa najua. Nikiishika nitakuwa naitazama randa, na mbao sitaiona tena. Kila mshono utakaoshika nitajiuliza ni wa nani. Nimeanza kujiuliza hata ile iliyopita. Nazipita nyumba za watu, naziona meza zangu kupitia madirishani, na sijui nizisalimie kama zangu au la.

Usiniandikie kunipoza. Nakuuliza jambo moja, na wewe pekee ndiye uliyebaki wa kulijibu: siku ile ya kwanza ulipomshikia randa, baba alikuwa na uso gani? Kama alikuwa ananihurumia, niambie. Nimevumilia mengi, na hilo nitalivumilia. Lakini kama alikuwa anapiga mluzi, kama alivyokuwa akipiga kazi inapomnogea, basi hilo niandikie kwa herufi kubwa, nilisome bila kumwomba mtu.

Wasalimie watoto na wajukuu wote, na yule mpita njia mwambie nina embe nyingine. Magoti yako uyapashe maji ya moto na uache kugombana bila ukuta. Mungu akuweke.

Mimi mdogo wako,
Fundi (bado wananiita hivyo)